Kutoka Mifano hadi Kanuni: Mkakati wa Kujenga Dhana katika Somo la Upatanisho wa Kisarufi

1. Utangulizi

Katika sura zilizotangulia tulichambua ngeli za nomino za Kiswahili na viambishi vya upatanisho vinavyofungamana nazo. Katika sura hii tunageukia swali jingine: maarifa hayo yafundishwe vipi ili mwanafunzi ayaelewe kwa kina badala ya kuyakariri tu? Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha kwanza nchini Uganda, Rwanda au Burundi amekutana na mwanafunzi anayeweza kutaja jedwali lote la ngeli, kuanzia A-WA hadi PA-KU-MU, bila kukosea mstari hata mmoja, kisha, katika insha yake, akaandika "Mbwa yetu inabweka usiku." Mwalimu hukata maneno mawili kwa kalamu nyekundu, huandika juu yake "wetu" na "anabweka", naye mwanafunzi hunakili masahihisho hayo kwa utii. Wiki inayofuata mwanafunzi yuleyule huandika "Ng'ombe yetu imezaa."

Mwanafunzi huyu hakosi maarifa ya jedwali; anachokosa ni sababu. Aliambiwa kwamba nomino za viumbe wenye uhai huingia katika ngeli ya A-WA, akaandika, akakariri. Hakuwahi kukutana na ushahidi uliomlazimisha kuikubali kanuni hiyo, wala na mfano uliomtia mashaka juu yake. Wakati huohuo anayo kanuni nyingine, aliyoijenga mwenyewe tangu utotoni kutokana na lugha yake ya kwanza, ambayo haijapata kumwangusha. Kanuni hizo mbili zinapokutana kwenye ncha ya kalamu yake, ile aliyoijenga huishinda ile aliyopewa.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya sura hii: kanuni ya sarufi hukaa akilini pale tu mwanafunzi anapoijenga kutokana na ushahidi, akaijaribu kwa mifano inayoipinga, kisha akaweza kuitetea au kuirekebisha. Mitaala ya sasa inatudai jambo hilohilo. Mtaala wa Rwanda ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, na ule wa sekondari ngazi ya chini nchini Uganda ulioanza mwaka 2020, yote miwili imejengwa juu ya umilisi na inazitaja fikra tunduizi miongoni mwa stadi ambazo kila somo linapaswa kuzikuza. Mara nyingi, hata hivyo, walimu wa Kiswahili hudhani kwamba fikra tunduizi ni kazi ya fasihi, na kwamba sarufi ni mahali pa kupokea na kukariri. Tutaonyesha kwamba sarufi ni uwanja mzuri sana wa stadi hizo, kwa kuwa ushahidi wake uko vinywani mwetu na hauhitaji maabara.

2. Kosa lenye mantiki

Kabla ya kueleza mkakati wenyewe, ni vyema tulitazame kosa la mwanafunzi wetu kwa makini. Tuchukue sentensi nne za Kiganda: "Omwana agudde" (mtoto ameanguka), "Omuti gugudde" (mti umeanguka), "Ennyumba egudde" (nyumba imeanguka) na "Embuzi egudde" (mbuzi ameanguka). Mtoto na mti wana viambishi tofauti vya upatanisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Lakini nyumba na mbuzi, katika Kiganda, wana kiambishi kimoja: e-. Umbo la nomino ndilo linaloamua. Uhai wa mbuzi haubadilishi kitu.

Hali ni hiyohiyo katika Kinyarwanda na Kirundi. Husemwa "umwana aragwa" kwa mtoto anayeanguka, lakini "inka iragwa" kwa ng'ombe na "inzu iragwa" kwa nyumba. Ng'ombe, pamoja na heshima yote anayopewa katika jamii hizo, hupatanishwa kama nyumba.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "Mbwa yetu inabweka" hajaandika ovyo. Ametambua kwamba neno "mbwa" lina umbo linalofanana na "embwa" au "imbwa" ya nyumbani kwao, akaliweka katika kundi moja na "nyumba", kisha akafuata kanuni ya kundi hilo kwa uaminifu. Kosa lake ni hitimisho sahihi lililotokana na kanuni isiyo ya Kiswahili. Mwalimu anayelikata kwa kalamu nyekundu bila kuligusa hitimisho hilo huondoa moshi na kuuacha moto.

Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiacholi au Kilango yuko katika hali tofauti. Lugha hizo za Kinailoti hazina mfumo wa ngeli wa Kibantu. Kwake yeye, dhana nzima ya upatanisho ni ngeni. Katika darasa moja la Kampala au Gulu wanafunzi wa aina zote mbili huketi dawati moja. Maelezo ya jumla yanayotolewa ubaoni hayawezi kuwafaa wote kwa usawa, bali ushahidi ulio mbele ya macho yao huweza kutumiwa na kila mmoja kutoka mahali alipo.

3. Misingi ya mkakati

Mkakati tunaoupendekeza ni wa kujenga dhana kwa mifano. Misingi yake inatokana na kazi ya Jerome Bruner, Jacqueline Goodnow na George Austin, ambao katika kitabu chao A Study of Thinking, kilichochapishwa mwaka 1956, walichunguza namna watu wanavyofikia dhana kwa kulinganisha vitu vilivyomo katika dhana hiyo na vitu visivyomo. Baadaye Bruce Joyce na Marsha Weil, katika kitabu chao cha mwaka 1972, Models of Teaching, waliuweka utaratibu huo miongoni mwa mikakati ambayo mwalimu anaweza kuifuata darasani.

Kiini chake ni rahisi. Mwalimu hataji dhana wala kanuni. Huwaonyesha wanafunzi mifano ya makundi mawili: kundi la "Ndiyo", ambalo lina sifa inayotafutwa, na kundi la "Hapana", ambalo halina. Wanafunzi hutoa dhanio, yaani jibu la muda linalosubiri kuthibitishwa, ambalo baadhi ya vitabu huliita nadharia tete. Kila mfano mpya hulithibitisha dhanio au huliangusha. Jina la dhana hutajwa mwishoni, baada ya dhana yenyewe kukomaa.

Tofauti kati ya mkakati huu na maswali na majibu ya kawaida iko katika nani anayehukumu. Katika maswali na majibu ya kawaida, mwanafunzi hutoa jibu kisha humtazama mwalimu usoni ili ajue kama amepata. Katika mkakati huu hutazama mfano unaofuata. Hakimu ni lugha yenyewe.

4. Maandalizi ya mwalimu

Kazi kubwa ya mwalimu hufanyika kabla ya kuingia darasani. Kwanza, aamue ni sifa ipi hasa anayotaka wanafunzi waigundue. Pili, achague mifano ambayo inatofautiana katika sifa hiyo tu na kufanana katika mengine yote. Tatu, aipange mifano hiyo ili madhanio mepesi yaanguke mapema na kwa zamu.

Kwa somo letu, sifa inayotafutwa ni ile inayofanya nomino ichukue kiambishi a- katika umoja. Tumechagua kitenzi kimoja, "-anguka", na wakati mmoja ili pasiwe na jambo jingine la kumpotosha mwanafunzi. Mifano imepangwa katika jozi nne:

Jozi ya 1. Ndiyo: Mtoto ameanguka. Hapana: Mti umeanguka.
Jozi ya 2. Ndiyo: Kijana ameanguka. Hapana: Kikombe kimeanguka.
Jozi ya 3. Ndiyo: Mbuzi ameanguka. Hapana: Nyumba imeanguka.
Jozi ya 4. Ndiyo: Jogoo ameanguka. Hapana: Jiwe limeanguka.

Chunguza kwamba katika kila jozi nomino mbili zina umbo la kundi moja: mtoto na mti huanza kwa m-, kijana na kikombe huwa vijana na vikombe, mbuzi na nyumba hazibadiliki katika wingi, jogoo na jiwe huwa majogoo na mawe. Kwa mpangilio huo, mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya umbo la neno. Kila jozi inamwambia kwamba umbo ni moja, lakini upatanisho ni tofauti, na inamlazimisha atafute sababu kwingineko.

Vifaa ni chaki na ubao tu. Panapopatikana karatasi za manila, kila sentensi iandikwe kwenye kipande chake ili iweze kubandikwa na kuhamishwa.

5. Somo la mfano

Tunachukulia vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana, na darasa lenye wanafunzi wengi wanaoketi wawili wawili au wanne wanne.

Hatua ya kwanza: Kutazama kimya. Mwalimu hugawa ubao katika safu tatu: Ndiyo, Hapana, na Madhanio. Huandika jozi ya kwanza na kusema: "Ninayo kanuni moja. Sentensi ya Ndiyo inaifuata. Ya Hapana haiifuati. Kila wawili waandike daftarini wanadhani kanuni hiyo ni ipi." Hakuna anayesema kwanza. Uandishi huu humpa nafasi mwanafunzi mpole, na humzuia yule mwepesi wa kunyosha mkono asifikiri kwa niaba ya darasa zima.

Hatua ya pili: Kutoa madhanio. Kwa kawaida dhanio la kwanza huwa "Ndiyo ni neno ambalo wingi wake unaanza kwa wa-." Mwalimu huliandika kama lilivyotolewa, bila kusifu na bila kukunja uso. Kisha huonyesha jozi ya pili na kuuliza: "Je, dhanio hili bado limesimama?" Wingi wa kijana ni vijana; dhanio limeanguka. Mwalimu hulipigia mstari mmoja, wala halifuti. Tunasisitiza jambo hili: dhanio lililoanguka libaki likisomeka, kwa sababu mwishoni mwa somo darasa litahitaji kuiona njia lililopita.

Mtu mwingine husema "Ndiyo ni mtu." Jozi ya tatu inamleta mbuzi, na dhanio hilo nalo linaanguka. Hapa ndipo wasemaji wa Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi hushtuka, kwa kuwa mbuzi na nyumba wametenganishwa mbele ya macho yao. Mwalimu asipite mbio. Awaombe waandike sentensi hizohizo mbili kwa lugha ya kwanza ya kila mmoja wao na kuzilinganisha na zile za Kiswahili. Darasa likishaona kwamba lugha ya nyumbani hufuata umbo na Kiswahili hufuata jambo jingine, kosa la "mbwa inabweka" limepata jina, nalo halimtii tena mtu aibu. Msemaji wa Kiacholi naye hupewa nafasi ya kueleza jinsi lugha yake inavyofanya. Ushahidi wake ni sehemu ya somo.

Hatua ya tatu: Mfano unaopinga. Baada ya jozi ya nne, darasa karibu zima hukubaliana kwamba Ndiyo ni "kitu chenye uhai." Walimu wengi hukomea hapo, hupiga makofi na kuandika kanuni. Sisi tunakusihi usikome. Uliza: "Je, kuna mtu anayeweza kuliangusha dhanio hili kwa sentensi iliyoko ubaoni tayari?" Kisha subiri.

Kusubiri huku ni sehemu ya mkakati. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, katika uchunguzi wake wa miaka ya 1970, alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wanaposubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu zaidi na yenye hoja. Hesabu moyoni hadi kumi ikibidi. Mara nyingi sauti hutoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, mti nao una uhai. Unakua, unakunywa maji, unakufa. Mbona uko Hapana?"

Mazungumzo yanayofuata yanaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mwenzenu anasema mti una uhai. Ni kweli au si kweli?
Mwanafunzi wa kwanza: Ni kweli. Tulifundishwa hivyo katika Baiolojia.
Mwalimu: Basi tulifanyie nini dhanio letu?
Mwanafunzi wa pili: Tuseme mtu au mnyama.
Mwalimu: Nitawapa sentensi nyingine. "Malaika ametokea." Iko Ndiyo.
Mwanafunzi wa kwanza: Malaika si mnyama.
Mwanafunzi wa tatu: Wala si mtu. Lakini anakwenda mwenyewe. Mti hauendi.
Mwanafunzi wa pili: Gari nalo linakwenda.
Mwanafunzi wa tatu: Gari linaendeshwa. Haliendi kwa nafsi yake.

Tazama kilichotokea. Wanafunzi wanapima tafsiri ya neno "uhai", wanatofautisha kujongea na kuendeshwa, na kila mmoja anajibu hoja ya mwenzake badala ya kumjibu mwalimu. Vitabu vingi vya sarufi huandika kwamba ngeli ya A-WA ni ya "viumbe wenye uhai isipokuwa mimea." Mwanafunzi aliyekariri maneno hayo huliona neno "isipokuwa" kama amri isiyo na maelezo. Mwanafunzi wa darasa letu anajua kwamba nafasi hiyo ilibidi iachwe, kwa sababu yeye mwenyewe aliufikia ule mti uliokataa kuingia.

Hatua ya nne: Kuandika kanuni. Kila kundi huandika kanuni kwa maneno yake, kisha darasa huchagua iliyo wazi zaidi. Kwa mfano: "Nomino ya mtu, mnyama, au kiumbe anayefikiriwa kujongea na kutenda kwa nafsi yake huchukua a- katika umoja na wa- katika wingi, hata kama umbo lake ni la kundi jingine." Wingi huhakikishwa kwa jozi zilezile: watoto wameanguka, vijana wameanguka, mbuzi wameanguka, majogoo wameanguka. Ni sasa tu mwalimu anapolitaja jina la ngeli.

Hatua ya tano: Kuijaribu kanuni. Mwalimu huandika sentensi sita na kuwataka wanafunzi waeleze, bila kutumia kamusi, ni nini kinachozungumziwa katika kila moja:

a) Ndege ametua. b) Ndege imetua.
c) Kifaru amekwama matopeni. d) Kifaru kimekwama matopeni.
e) Kiboko ameonekana. f) Kiboko kimeonekana.

Sentensi (a) inamhusu kiumbe mwenye mabawa juu ya mti. (B) inahusu chombo kilichotua, tuseme, Entebbe. Kifaru wa (c) ni mnyama mwenye pembe puani. Cha (d) ni gari la kivita. Kiboko wa (e) yuko mtoni au ziwani. Cha (f) ni fimbo ya kuchapia. Nomino ni ileile, herufi ni zilezile, na kiambishi cha kitenzi peke yake kinamwambia msikilizaji amfikirie mnyama au chombo. Hapo mwanafunzi huona kwamba upatanisho si pambo la kumfurahisha mtahini. Upatanisho hubeba maana.

Hatua ya sita: Kutafakari njia ya fikra. Katika dakika kumi za mwisho darasa hurudi kwenye safu ya Madhanio. Kila mwanafunzi huandika majibu ya maswali mawili: "Ni dhanio lipi niliamini ambalo baadaye nililiacha? Ni sentensi ipi iliyonifanya niliache?" Maandishi haya mafupi humfundisha mwanafunzi kwamba kubadili msimamo kwa sababu ya ushahidi ni jambo la heshima.

6. Swali lisilokuwamo katika maandalizi

Darasa lililozoea kutafuta mifano inayopinga halitaacha kuitafuta kwa sababu kengele imelia. Siku moja mwanafunzi atauliza: "Kama rafiki ni mtu, mbona tunasema 'rafiki yangu' na si 'rafiki wangu'?" Mwalimu aliyezoea kutoa kanuni huliogopa swali hili, na huwa na jibu moja tayari: "Ndivyo ilivyo." Sisi tunaliona kuwa ndilo tunda la somo zima, na tunapendekeza lijibiwe kwa njia ileile. Andika ubaoni:

Rafiki yangu amefika. Dada yangu amefika. Jirani yangu amefika.
Mtoto wangu amefika. Mjomba wangu amefika. Kijana wangu amefika.
Mbwa wangu amefika.

Jambo la kwanza litakaloonekana ni kwamba kitenzi hakibadiliki: kila mahali ni a-. Kanuni yetu haijaanguka. Imegusa mpaka wake. Jambo la pili ni kwamba kimilikishi kinafanya tofauti yake: nomino za udugu, ujamaa na ujirani zisizo na kiambishi m- huchukua y- katika umoja na z- katika wingi (rafiki zangu, dada zangu), ilhali mtoto na mjomba, ambao nao ni wa udugu lakini wana m-, huchukua w-. Kimilikishi hapa bado kinashikilia upatanisho wa umbo, wakati kitenzi kimekwisha kufuata maana. Baadhi ya wasemaji husema pia "ng'ombe zangu" kwa wingi, jambo linaloonyesha kwamba nguvu hizo mbili, umbo na maana, zinaendelea kushindana.

Mjadala huu unamfaa mwalimu mtarajiwa kwa sababu nyingine pia. Umewahi kujiuliza kwa nini vitabu viwili vya sarufi huainisha ngeli kwa njia tofauti? Utaratibu uliotokana na kazi ya Wilhelm Bleek katika karne ya 19, na kuendelezwa na Carl Meinhof, huzipanga nomino kwa viambishi awali vyake. Kwa utaratibu huo "kiboko" yuko KI-VI pamoja na "kikombe". Utaratibu wa kisintaksia, unaotumika katika vitabu vingi vya shule za Afrika Mashariki, huzipanga kwa upatanisho. Kwa huo, kiboko wa ziwani yuko A-WA, na kiboko cha kuchapia kiko KI-VI. Hakuna kitabu kilichokosea. Kila kimoja kimechagua kuanza na moja kati ya nguvu zile mbili ambazo wanafunzi wako wamezigundua kwa "mbuzi" na "nyumba".

7. Tathmini

Swali la mtihani ndilo linalomwambia mwanafunzi ni kitu gani hasa tunachokithamini. Tukiuliza "Taja ngeli ya nomino mbwa", tutapata jedwali lililokaririwa. Linganisha na swali hili: "Mwanafunzi ameandika 'Mbwa imelala.' Eleza hoja iliyomfikisha hapo, kisha umwonyeshe sentensi mbili zitakazomfanya aibadilishe." Swali la pili haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Linamtaka mwanafunzi aingie katika fikra za mwenzake, achague ushahidi, na aeleze kwa nini ushahidi huo unatosha. Alama zigawanywe kwa hoja na kwa ushahidi, si kwa hitimisho peke yake.

8. Mipaka na changamoto

Changamoto inayotajwa kwanza ni muda. Ni kweli kwamba kanuni inayoweza kutangazwa kwa dakika tano hapa imechukua vipindi viwili. Lakini hesabu iliyo kamili sharti ijumuishe masahihisho ya "mbwa inabweka" ya kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Changamoto ya pili ni kwamba si kila kitu kinaweza kugunduliwa. Hakuna ushahidi utakaomwezesha mwanafunzi kubuni kwamba kifaa cha kulia chakula huitwa "kijiko". Msamiati sharti upewe. Mkakati huu unafaa pale penye kanuni inayoonekana katika data, na pale ambapo maneno ya mifano yanajulikana tayari na wote. Mwanafunzi asiyejua maana ya "jogoo" hawezi kulitumia neno hilo kama ushahidi.

Changamoto ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu inajificha. Mwalimu anaweza kufuata hatua zote sita na bado darasa likawa mchezo wa kukisia kilichomo kichwani mwake. Dalili yake ni wanafunzi kumtazama mwalimu kila wanaposema neno, na mwalimu kutikisa kichwa au kutabasamu kabla ya mfano kujibu. Dawa yake ni moja: unapoulizwa "Je, nimepata?", elekeza mkono ubaoni.

9. Hitimisho

Tumeeleza mkakati mmoja kwa kanuni moja ya sarufi. Utaratibu wake hauishii kwenye ngeli: unafaa kwa viambishi vya wakati, kwa kauli za vitenzi, na kwa tofauti ya "si-" na "ha-" katika ukanushi. Panapokuwa na ruwaza inayoweza kuonekana, mwanafunzi apewe nafasi ya kuiona kabla hajaambiwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Darasa la sarufi ni mahali pa kuonyesha kwamba kuuliza ndiko kujua kunakoanzia.

Maswali na mazoezi

1. Eleza, kwa kutumia mifano kutoka katika lugha yako ya kwanza, kosa moja la upatanisho ambalo wanafunzi wa eneo lako hulifanya mara kwa mara. Onyesha mantiki iliyomo katika kosa hilo.
2. Katika jozi nne za sehemu ya 4, kitenzi hakibadiliki. Je, somo lingeathirikaje kama kila sentensi ingekuwa na kitenzi tofauti?
3. Sentensi "Mbuzi amekufa" ina a-, lakini "Mzoga umeoza" ina u-. Je, sentensi hizi zinathibitisha au zinapinga kanuni iliyoandikwa katika hatua ya nne? Tetea jibu lako.
4. Andaa jozi nne za mifano ya Ndiyo na Hapana zitakazowaongoza wanafunzi kugundua tofauti kati ya kauli ya kutendea na kauli ya kutendeshwa. Eleza kila jozi inaliangusha dhanio lipi.
5. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwombe mwenzako apime kwa saa muda unaosubiri baada ya kila swali unalouliza. Linganisha matokeo ya kipindi cha kwanza na cha tano, kisha andika tafakuri ya ukurasa mmoja.